Nani Huko? Historia Fupi ya Neno la Siri

Mwaka 413 K.K., jeshi la Athens lilipanda usiku mwinuko wa Epipolae, nje ya mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sisilia. Walikuwa wamepanga kuwashtukiza walinzi na kuubomoa ukuta ambao watu wa Syracuse walikuwa wameujenga ili mji wao usizingirwe. Mbalamwezi ilikuwepo. Lakini mbalamwezi hiyo, kama alivyoandika mwanahistoria Thucydides, ilimwonyesha askari kwamba mbele yake kuna mtu, haikumwonyesha mtu huyo ni wa upande gani. Mwanzoni Waathene walikuwa wanashinda. Kisha kikosi kimoja cha adui kikasimama kidete, waliotangulia wakageuka na kukimbia, wakawakumba wenzao waliokuwa bado wanapanda. Kuanzia hapo kila aliyetokea mbele akawa anashukiwa.

Dawa ya hali hiyo walikuwa nayo: neno la siri. Kila askari alikuwa amepewa neno hilo kabla ya mapigano. Ukikutana na mtu gizani unamuuliza, nani huko, neno ni lipi? Akijibu sawa ni mwenzako, akikosea ni mkuki. Basi Waathene wakaulizana. Wakaulizana tena na tena, kwa sauti, huku na huku mlimani, hadi adui waliokuwa wamechanganyika nao wakalisikia na kulishika. Neno likaanza kufanya kazi kinyume. Adui aliyebanwa alilitamka, akaachiliwa. Mwathene aliyeulizwa neno la upande wa pili alikosa jibu, akauawa. Wengine waliangukia magengeni wakitafuta njia ya kushuka, na wiki chache baadaye jeshi lote lile likaangamia huko Sisilia.

Hebu tutulie hapo kidogo. Hakuna mjuzi aliyeketi chini kulikisia neno lile. Hakuna aliyelivunja kwa hesabu. Wenye neno walilitoa wenyewe, kwa sababu waliulizwa na mtu ambaye hawakumwona vizuri, wakiwa na haraka na hofu. Na kwa kuwa jeshi zima lilikuwa na neno moja, lilipovuja kwa mmoja lilikuwa limevuja kwa wote.

Tunapozungumza leo kuhusu nywila, au paswadi kama wengi wetu tunavyoiita, tunapenda kumwazia mwizi kama jini la kompyuta lililojifungia chumbani, likibuni hesabu za ajabu. Historia inasema vingine. Kwa muda wa miaka zaidi ya 2,400, neno la siri limepotea kwa njia tatu zilezile: mwenyewe kulitaja kwa aliyeuliza, mtunzaji kuliweka mahali pabaya, na neno moja kutumika kwenye milango mingi. Kukisiwa huja mwisho, na hata hapo ni kwa sababu sisi binadamu tunafanana mno katika kuchagua.

Wagiriki wenyewe walilijua tatizo hili. Katika karne ya nne K.K., mwandishi wa mambo ya vita aitwaye Aeneas Tacticus aliandika kitabu cha namna ya kuulinda mji uliozingirwa, na ndani yake akaweka mafunzo ya neno la siri ambayo ukiyasoma utadhani yametoka kwa ofisi ya kompyuta ya benki. Alionya kwamba ikiwa jeshi lina watu wa makabila tofauti, lisipewe neno la kitu chenye majina mawili. Mfano wake ni wale mapacha wa hadithi za Kigiriki ambao wengine waliwaita Dioskouroi na wengine Tyndaridai: mlinzi anangoja jina moja, mwenzake anamjibu kwa lile jingine, na mtu anauawa na ndugu yake. Alisema pia neno liwe rahisi kukumbukwa.

La maana zaidi, Aeneas alishauri kwamba neno peke yake halitoshi. Liambatane na ishara. Anayekuja alitamke neno, kisha avue kofia, au kama ameishika mkononi aivae. Ahamishe mkuki kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Na kama ni giza totoro, atoe sauti fulani iliyokubaliwa. Aliyelisikia neno vichakani hakuiona ishara. Leo ukiingia kwenye akaunti yako, ukaandika nywila, halafu simu ikakuletea tarakimu sita za kuthibitisha, unafanya jambo ambalo mlinzi wa mji wa Kigiriki angelitambua mara moja.

Warumi nao walitilia mkazo utunzaji. Polybius, Mgiriki aliyepelekwa Roma kama mateka katika karne ya pili K.K., aliueleza utaratibu wa kambi yao. Kila siku jua likitua, mtu mmoja kutoka kikosi cha mwisho wa kila mstari wa mahema alikwenda kwa kamanda akapewa kibao cha mbao kilichoandikwa neno la usiku huo. Alikikabidhi mbele ya mashahidi kwa mkuu wa kikosi kilichofuata, naye akakipitisha kwa mwingine, hadi kibao kikarudi kwa kamanda kabla giza halijaingia. Kibao kimoja kikikosekana, kamanda alijua kwa alama zake kimekwama upande gani, na aliyehusika aliadhibiwa. Kesho yake neno lilikuwa jingine. Yaani Warumi hawakujidanganya kwamba siri haiwezi kuvuja. Walichotaka ni kujua mapema kwamba imevuja, na ni wapi.

Tuziruke karne nyingi, tukipitia tu kwenye pango la Ali Baba, hadithi ambayo Mfaransa Antoine Galland alisimuliwa mwaka 1709 na Hanna Diyab, kijana wa Aleppo. Kila mtoto anakumbuka mlango wa jiwe uliofunguka kwa kutajiwa ufuta. Wezi arubaini walikuwa na mali isiyohesabika, mlango usiovunjika, na neno ambalo kiongozi wao alilitamka kwa sauti huku mtu akiwa juu ya mti. Naye Kasim, kaka yake Ali Baba, aliingia akajifungia ndani, tamaa ikamfanya alisahau neno, akabaki anataja nafaka nyingine hadi wenye pango wakarudi. Neno la siri lina hatari mbili, na zinavutana: kujulikana na wengine, na kusahauliwa na mwenyewe. Karibu kila tabia mbaya tuliyo nayo leo imezaliwa na jitihada ya kuikimbia hii ya pili.

Nywila ya kompyuta ilianza Marekani, katika chuo cha MIT, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kompyuta wakati huo ilikuwa mashine ya kujaza chumba, na watu walipanga foleni kuitumia mmoja baada ya mwingine. Fernando Corbató na wenzake wakaunda mfumo ulioitwa CTSS, ulioonyeshwa hadharani mwaka 1961, ambao uliwaruhusu watu wengi kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Sasa kila mtu alikuwa na mafaili yake ndani ya mashine ya pamoja, na mgao wake wa saa. Corbató akaona jibu rahisi: kila mmoja apewe neno lake.

Maneno hayo yote yaliwekwa kwenye faili moja, jinsi yalivyo, bila kufichwa. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamifu, Allan Scherr, alikuwa na mgao wa saa nne kwa wiki, nao haukumtosha kwa utafiti wake. Akagundua kwamba unaweza kuomba faili lichapishwe kwa kuwasilisha kadi iliyotobolewa yenye jina la faili hilo. Ijumaa usiku akaomba faili la nywila. Jumamosi asubuhi akaenda mahali karatasi zilipowekwa, akachukua orodha nzima. Alikaa na siri hiyo karibu miaka 25 kabla ya kukiri. Miaka michache baada ya kitendo chake, mfumo huohuo ulipatwa na balaa jingine: watu wawili walikuwa wakihariri mafaili mawili kwa wakati mmoja, mafaili yakabadilishana, na kila aliyeingia kwenye kompyuta alikaribishwa na orodha ya nywila za watu wote mahali palipopaswa kuwa na ujumbe wa siku.

Hayo ndiyo makosa ya mtunzaji. Wataalamu wakakuna vichwa. Katika chuo cha Cambridge, Uingereza, Roger Needham na Mike Guy walipata wazo ambalo bado linatulinda: kompyuta haina haja ya kuijua nywila yako. Fikiria mahindi na unga. Mahindi ukiyasaga yanakuwa unga, lakini hakuna kinu duniani kitakachougeuza unga kuwa mahindi. Basi kompyuta inaisaga nywila yako kwa hesabu maalumu na kuuhifadhi unga pekee. Kesho ukirudi, inasaga ulichoandika na kulinganisha unga na unga. Akija Scherr mwingine kuiba faili, ataondoka na unga.

Lakini mwizi naye ana kinu. Anaweza kusaga maneno yote ya kamusi, moja baada ya jingine, na kutazama ni unga gani unafanana na ule aliouiba. Mwaka 1979, Robert Morris na Ken Thompson wa maabara ya Bell waliandika makala iliyopendekeza nyongeza ambayo wao wenyewe waliiita chumvi: kabla ya kusaga nywila ya kila mtu, ongeza tarakimu chache za bahati nasibu zinazotofautiana kati ya mtu na mtu. Watu wawili wakichagua neno lilelile, unga wao hautafanana, na mwizi analazimika kuanza kusaga upya kwa kila mmoja.

Katika makala hiyo kuna hesabu inayochekesha na kuhuzunisha. Morris na Thompson walikusanya nywila 3,289 za watumiaji halisi. Kati yake, 15 zilikuwa za herufi moja tu. Nyingine 72 zilikuwa za herufi mbili, na 464 za herufi tatu. Kwa jumla, asilimia 86 zilikuwa fupi mno au zilipatikana moja kwa moja kwenye kamusi au orodha za majina. Na hawa hawakuwa watu waliotoka kununua simu jana. Walikuwa watu wanaotumia kompyuta mwaka 1979. Miaka tisa baadaye, Novemba 1988, mwanawe Morris, Robert Tappan Morris, aliachilia kwenye intaneti programu iliyojisambaza yenyewe na kukwamisha maelfu ya kompyuta. Mojawapo ya njia zake za kuingia ilikuwa kujaribu jina la mwenye akaunti, kisha orodha ya maneno 432 aliyoibeba. Alichojua mtoto ndicho alichoandika baba: watu hawachagui maneno mbalimbali, wanachagua yaleyale.

Ushahidi mkubwa wa jambo hilo ulikuja Desemba 2009. Kampuni ya Marekani iliyoitwa RockYou, iliyotengeneza vijiprogramu vya mitandao ya kijamii, ilivamiwa na nywila milioni 32 zikaibwa. RockYou ilikuwa imezihifadhi kama MIT ya 1962: mahindi mazima, bila hata kuparazwa. Orodha ilipotawanywa mtandaoni, dunia ikaona kwa mara ya kwanza, kwa wingi huo, watu wanaandika nini wakidhani hakuna anayewaona. Ya kwanza kwa umaarufu ilikuwa 123456, iliyotumiwa na watu karibu 290,000. Zilizofuata zilikuwa majina ya watu, maneno ya mapenzi, na mistari ya vitufe vya kibodi. Orodha hiyo haikufa. Hadi leo iko kwenye vifaa vya kila anayejaribu kuvunja nywila, na ndiyo anayoanza nayo.

Kisha kuna ile njia ya tatu, neno moja kwa milango mingi. Mwaka 2012 nywila za LinkedIn ziliibwa, zikiwa zimesagwa bila chumvi. Ilidhaniwa ni milioni 6.5, mwaka 2016 ikabainika kwamba akaunti milioni 117 zilikuwa zinauzwa. Wezi hawakujali sana kusoma historia ya kazi ya mtu. Walichukua kila barua pepe na nywila yake, wakaenda kuzijaribu kwenye milango mingine: barua pepe yenyewe, benki, mitandao mingine. Mwaka huohuo wa 2016 akaunti za Twitter na Pinterest za Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, zilitekwa. Waliofanya hivyo walidai kwamba nywila yake iliyotoka LinkedIn ilikuwa "dadada", na kwamba aliitumia kwingine pia. Kama tajiri wa mitandao anaweza kukutwa na hilo, wewe na mimi ni nani?

Sasa utauliza: mbona basi tulifundishwa kitu tofauti? Mbona kila mahali tunaambiwa weka herufi kubwa, weka namba, weka alama, na ubadilishe kila baada ya siku 90? Jibu lake lina jina. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bill Burr, mfanyakazi wa taasisi ya viwango ya Marekani iitwayo NIST, aliandika mwongozo wa nywila kwa mashirika ya serikali. Data za kutosha kuhusu tabia za watu hakuwa nazo, kwa hiyo alitegemea kwa sehemu maandishi ya miaka ya 1980. Mwongozo ukanakiliwa na makampuni dunia nzima, ukageuka sheria. Na watu wakafanya nini? Wakafanya wanachofanya watu. Aliyekuwa na "nairobi" akaandika "Nairobi1!". Akilazimishwa kubadilisha, akaandika "Nairobi2!". Wezi nao wakaandika programu inayojua kwamba herufi kubwa huja mwanzo na alama ya mshangao huja mwisho. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, Burr aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba mengi aliyoyapendekeza sasa anayajutia. Mwaka huohuo NIST ikatoa mwongozo mpya: usimlazimishe mtu kubadilisha nywila bila dalili kwamba imevuja, usimlazimishe michanganyiko ya alama, mruhusu kuandika nywila ndefu, na uikatae nywila yoyote iliyomo kwenye orodha za zilizokwisha kuibwa.

Mwongozo huo una miaka yake sasa. Bado ziko ofisi humu nchini zinazowadai wafanyakazi nywila mpya kila robo mwaka, na bado ziko karatasi za manjano zilizobandikwa chini ya kibodi.

Kwetu Kenya, hata hivyo, wengi hatukukutana na neno la siri kupitia kompyuta. Tulikutana nalo kama namba. Namba ya siri ya tarakimu nne ilitoka kwenye mashine za kutolea pesa. James Goodfellow, Mskoti, aliomba hataza ya mfumo wake mwaka 1966. Mwaka uliofuata, Juni 27, benki ya Barclays ilifungua mashine yake ya kwanza huko Enfield, London, iliyobuniwa na John Shepherd-Barron. Shepherd-Barron alisimulia kwamba alikusudia tarakimu sita, kama namba yake ya jeshini, lakini mkewe Caroline akamwambia mezani jikoni kwamba yeye anaweza kukumbuka nne tu. Nne zikabaki. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, tarakimu hizo nne zikaingia mfukoni mwa mama mboga, bodaboda, mwalimu na mchungaji.

Tarakimu nne zinatoa namba 10,000 pekee. Zinatulinda kwa sababu mashine hukataa baada ya majaribio machache, na kwa sababu lazima mtu awe pia na kadi yako au laini yako. Ndiyo maana wezi wa Kenya hawakuhangaika kukisia. Walirudi Epipolae. Wanapiga simu. "Habari yako mteja wetu, tunaona kuna tatizo kwenye laini yako." Sauti ni ya adabu, lafudhi ni ya ofisi, na nyuma yake unasikia kelele kama za watu wengi wakipokea simu. Anakuharakisha: laini itafungwa, pesa zimetumwa kimakosa, kuna zawadi inangoja. Kisha anakuomba namba ya siri, au ile namba ya kuthibitisha iliyoingia sasa hivi kwa ujumbe. Ni yuleyule askari gizani, anayekuuliza neno kwa sauti ya mwenzako.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya ughaibuni havilizungumzii. Ushauri wa kawaida ni kwamba usimwambie mtu yeyote. Ni ushauri mzuri, lakini umeandikwa ukimwazia mtu mmoja, chumba kimoja, simu moja. Fikiria nyanya kijijini ambaye macho yamefifia. Pesa za mwanawe zimeingia.

"Nyanya, weka namba yako ya siri."

"Weka wewe, mjukuu wangu. Si unaijua?"

Mjukuu anaijua. Jirani aliyemsaidia wiki iliyopita anaijua. Wakala wa sokoni ameisikia mara tatu, na waliokuwa nyuma kwenye foleni pia. Na namba yenyewe ni mwaka aliozaliwa, ambao umeandikwa kwenye kitambulisho alichompa wakala. Huyu hatumsaidii kwa kumkaripia. Anahitaji mtu mmoja wa kuaminika, asiyezidi mmoja. Namba isiyo mwaka wa kuzaliwa. Kutuma pesa akiwa nyumbani badala ya kuitaja kwenye foleni. Na kuibadilisha pale yule mtu mmoja anapoondoka au mambo yanapoharibika. Siri ya watu wawili bado ni siri ikiwa inajulikana ni wawili gani. Warumi walikuwa na mashahidi.

Vivyo hivyo kwenye saiba. Vijana wengi walifunguliwa barua pepe yao ya kwanza na mhudumu wa saiba, siku walipokuwa wakitafuta mkopo wa chuo, cheti cha kodi au cheti cha maadili mema. Mhudumu ana foleni, anabuni nywila, na ili wateja wasimsumbue, huenda akawapa wote mtindo mmoja: jina lako na 123, au namba yako ya simu. Nyingine zinaandikwa kwenye daftari la kaunta. Mhudumu anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Lakini daftari lile ni faili la MIT, linangoja tu Ijumaa yake. Na barua pepe ile, miaka kumi baadaye, ndiyo imeshikilia eCitizen yako, iTax yako, na pengine benki, kwa sababu popote utakapobonyeza "nimesahau nywila", kiungo cha kuweka mpya kinatumwa kwake. Ukinyang'anywa barua pepe, umenyang'anywa funguo za nyumba nzima.

Kuna wanaosema dawa ni kuachana na maneno, tutumie mwili: kidole, uso, sauti. Mwili nao una historia yake kama neno la siri, na si historia nzuri. Waamuzi sura ya 12 inasimulia jinsi watu wa Gileadi walivyoshika vivuko vya Yordani na kumtaka kila mpitaji atamke "Shibolethi". Mwefraimu ulimi wake haukuiweza "sh", akasema "Sibolethi", akachinjwa. Biblia inawahesabu 42,000. Na sisi hatuhitaji kwenda Yordani. Mapema mwaka 2008 walikuwepo Wakenya waliosimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani wakadaiwa vitambulisho, na jina la baba likaamua nani apite. Ubora mmoja wa nywila ambao tunausahau ni kwamba haisemi lolote kuhusu ulikozaliwa, na ikivuja unaibadilisha. Kidole huwezi kubadilisha. Teknolojia mpya za kuingia bila nywila zinalijua hilo, na zile nzuri huiacha alama ya kidole ndani ya simu yako, haitumwi kokote. Kazi yake ni kuufungua ufunguo uliomo humohumo. Kidole kikitumika hivyo hakina ubaya. Kikihifadhiwa kwenye faili la mtu mwingine, rudi ukasome habari za RockYou.

Basi ufanye nini? Historia imeshajibu, na majibu ni machache.

Anza na barua pepe. Ipe nywila yake peke yake, ambayo haifanani na nyingine yoyote uliyonayo. Iwe ndefu. Mwaka 1995 Mmarekani Arnold Reinhold alieleza njia ya kutupa dete na kuchagua maneno kutoka orodha ya maneno 7,776, bila akili yako kuingilia. Herufi ndogo nane zinatoa michanganyiko takriban bilioni 209, na kompyuta za leo huzimaliza haraka. Maneno matano ya Reinhold yanatoa 28 ikifuatwa na sufuri 18. Kama huna orodha, fungua kamusi nene bila kutazama, weka kidole, andika. Rudia mara tano. Utapata kitu kama kiazi, mnara, shemeji, tufani, kopo. (Huo wangu usiutumie, umeshachapishwa.) Usichague methali, aya, au timu yako ya mpira, kwa kuwa bahati nasibu ndiyo inayolinda, na haba na haba iko kwenye kila orodha.

Kisha ongeza ishara ya Aeneas, yaani uthibitisho wa hatua ya pili. Ukiweza tumia programu ya simu inayotoa tarakimu hizo badala ya ujumbe mfupi, maana laini ya simu huweza kuhamishwa na tapeli aliyejifanya ni wewe. Na tarakimu hizo hazisomewi mtu yeyote. Kampuni ya kweli inaituma namba ili wewe uiandike mwenyewe. Haina sababu ya kukupigia uirudishe kwa mdomo. Ukiulizwa, kata simu, halafu piga mwenyewe namba rasmi unayoijua.

Akaunti nyingine zote zipe nywila tofauti, na usijaribu kuzikumbuka. Iko programu ya kuhifadhi nywila, inayokutaka ukumbuke moja tu. Kama hilo linakutisha, andika kwenye kijitabu ukifungie nyumbani. Ndiyo, andika. Mtaalamu wa usalama Bruce Schneier alitoa ushauri wa aina hiyo tangu 2005: karatasi ndogo tunajua kuitunza, kama tunavyotunza pesa. Mwizi aliye bara jingine na orodha ya LinkedIn hawezi kufikia kabati lako. Ila kama unayemhofia anaishi nyumba hiyohiyo, kijitabu si chako, tumia programu.

La mwisho, ujue kibao kikipotea. Troy Hunt wa Australia alianzisha mwaka 2013 huduma ya bure ya Have I Been Pwned, ambapo unaandika barua pepe yako na kuambiwa imeonekana kwenye wizi upi. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, ya 2019, inamtaka anayehifadhi taarifa zako amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji unaoweza kukudhuru, na akujulishe wewe pia. Kamanda wa Polybius hakungoja hata kuche. Ukipata taarifa kama hiyo, badilisha nywila siku hiyohiyo, na popote ulipokuwa umeirudia.

Ukimaliza ya kwako, chukua simu ya nyanya, au ya baba, au ya shangazi. Keti naye alasiri moja isiyo na haraka. Mwambie kwamba atakayempigia akimuuliza namba ya siri, hata akijua jina lake lote, hata akiwa na sauti ya mtoto wake, ajibu tu, "Subiri nikupigie." Kisha akate, na ampigie mtoto wake.